Edsger Dijkstra: Mtu Aliyezifundisha Kompyuta Kungoja Zamu

1. Kifaa kimoja, watumiaji wengi

Fikiri juu ya kijiji kimoja cha Wilaya ya Kakonko, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Kijiji kina pampu moja ya maji. Asubuhi watu wengi hufika na ndoo zao. Pampu ina mdomo mmoja tu, wala haiwezi kujaza ndoo mbili kwa wakati mmoja. Watu wakisukumana, maji yatamwagika na mpini wa pampu utavunjika. Wakipanga foleni, na akiwapo mtu wa kuisimamia, kila mmoja atarudi nyumbani na maji yake.

Ndani ya kompyuta kuna jambo la namna hiyo hiyo. Kompyuta ina vifaa vichache. Ina prosesa, yaani sehemu inayohesabu na kufuata maagizo. Ina kumbukumbu, yaani mahali pa kuweka habari. Ina pia vifaa vya kuingizia na kutolea habari, kama vile kibodi, kioo na mashine ya kuchapa. Lakini programu zinazotaka kuvitumia vifaa hivyo ni nyingi. Programu ni orodha ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Hata simu unayoiona mkononi mwa mwenye duka ni kompyuta ndogo: hupiga muziki, hupokea ujumbe na kuonyesha saa, yote kwa pamoja.

Nani huzigawia programu hizo zamu? Kazi hiyo hufanywa na programu moja ya pekee iitwayo kiini. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo unaoendesha kompyuta. Programu nyingine hazivigusi vifaa zenyewe. Huomba, na kiini hukubali, hukataa au huziambia zingoje.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Katika somo hili utasoma maisha ya mtaalamu mmoja aliyefikiri sana juu ya zamu za kompyuta, wakati ambapo watu wengi hawakuona kuwa hiyo ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa. Jina lake ni Edsger Dijkstra. Jina lake la pili hutamkwa karibu na Daikstra.

2. Utoto na masomo yake

Edsger Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei 1930 katika mji wa Rotterdam, ambao ni bandari kubwa ya nchi ya Uholanzi. Baba yake alikuwa mwalimu wa kemia. Mama yake alikuwa hodari wa hisabati. Edsger alipotimiza miaka 10, Vita Kuu ya Pili ilifika Uholanzi, na sehemu ya katikati ya mji wa Rotterdam iliteketezwa kwa mabomu.

Kwanza kijana huyu alitaka kusoma sheria, akitumaini kuitumikia nchi yake katika Umoja wa Mataifa. Lakini alama zake katika masomo ya sayansi zilikuwa za juu sana, akashauriwa kufuata njia hiyo. Alikwenda Chuo Kikuu cha Leiden kusoma fizikia. Mwaka 1951 alihudhuria mafunzo mafupi huko Cambridge, Uingereza, akajifunza jinsi ya kuziandikia kompyuta maagizo. Mwaka uliofuata, 1952, aliajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam ili aziandikie programu kompyuta zilizokuwa zikiundwa pale.

Baada ya miaka mitatu hivi alijikuta katika njia panda. Je, awe mwanafizikia, au awe mtunga programu? Fizikia ilikuwa elimu yenye vitabu, walimu na heshima. Utungaji wa programu haukuwa na chochote kati ya hivyo. Alimwendea mkuu wake wa kazi, Adriaan van Wijngaarden, akamweleza shaka yake. Mzee huyo alikiri kwamba elimu hiyo ilikuwa bado haijawa elimu kamili. Lakini alimwonyesha kwamba kompyuta hazitaondoka tena duniani, na kwamba huenda yeye Dijkstra akawa mmoja wa watakaoifanya kazi hiyo kuwa elimu ya kuheshimiwa. Dijkstra aliondoka akiwa amekata shauri.

Mwaka 1957 alifunga ndoa. Sheria ilimtaka ataje kazi yake, naye akataja kazi ya kutunga programu. Wakuu wa mji wa Amsterdam waliikataa, kwa sababu hawakuitambua kazi ya namna hiyo. Ikambidi aandike kwamba yeye ni mwanafizikia.

3. Kengele iliyomtia wasiwasi

Wakati huo Kituo cha Hisabati kilikuwa kikibuni kompyuta mpya iliyoitwa X1. Wahandisi wake, Bram Loopstra na Carel Scholten, walitaka kuiwekea jambo jipya.

Ili ulielewe, fikiri juu ya mpishi aliyebandika maharage jikoni. Maharage huchukua muda mrefu kuiva. Mpishi akisimama akiitazama sufuria tangu mwanzo hadi mwisho, hatafanya kazi nyingine yoyote. Kompyuta za zamani zilifanya hivyo. Prosesa ina mbio nyingi, lakini mashine ya kuchapa ni ya polepole. Prosesa ilikaa bure ikiingoja mashine hiyo.

Wahandisi walitaka kila kifaa kiwe na kengele yake. Kifaa kikimaliza kazi, kitapiga kengele. Prosesa itaacha kwa muda kazi iliyokuwa ikiifanya, itakihudumia kifaa hicho, kisha itarudi pale pale ilipoachia. Ni kama wewe unapoitwa na mama ukiwa unasoma: unaweka alama katika ukurasa, unaitika, kisha unarudi na kuendelea na mstari ule ule.

Dijkstra ndiye aliyepaswa kutunga programu ya kuitawala kengele hiyo, naye alisita. Sababu yake ilikuwa ya maana. Kengele inaweza kulia wakati wowote, hata katikati ya kazi isiyofaa kukatizwa. Kosa likitokea leo, kesho halitaonekana tena, kwa kuwa kengele italia mahali pengine. Basi utalitafutaje kosa linalojificha? Hata hivyo aliikubali kazi hiyo. Aliifanya kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1959 alipata shahada ya udaktari kwa maandishi aliyoyaandika juu yake.

Kutokana na kazi hiyo alijifunza jambo moja ambalo hakulisahau maishani. Mambo mengi yanapotendeka kwa pamoja, haitoshi kujaribu na kuona kama yanakwenda sawa. Ni lazima ufikiri mpaka uwe na hakika kwamba hayawezi kwenda vibaya.

4. Daftari la chaki

Mwaka 1962 Dijkstra alihamia mji wa Eindhoven, akawa profesa wa hisabati katika Chuo cha Ufundi. Huko yeye na wenzake watano walianza kuutengenezea mfumo mpya kompyuta ya X8, ili programu nyingi ziweze kuitumia kwa pamoja. Hapo tatizo la zamu lilionekana wazi.

Tazama mfano huu. Shule moja ya Kakonko ina maboksi 10 ya chaki, na idadi yake imeandikwa katika daftari. Kiranja wa kwanza anasoma 10 na kuchukua boksi moja. Kabla hajaandika, kiranja wa pili naye anasoma 10 na kuchukua boksi moja. Wa kwanza anaandika 9. Wa pili naye anaandika 9. Maboksi yaliyobaki ni 8, lakini daftari linasema ni 9. Hakuna aliyeiba, wala hakuna asiyejua kutoa. Kosa limetokea kwa sababu watu wawili walilitumia daftari moja kwa wakati mmoja.

Sasa fikiri kwamba daftari hilo ni hesabu ya fedha, au ni orodha ya dawa za hospitali. Utaona kwamba jambo hili si dogo.

5. Semafori

Dijkstra alipata dawa ya tatizo hilo, akaipa jina la kifaa cha reli. Semafori ni mlingoti wenye mkono unaoinuka na kushuka ili kumwonyesha dereva wa treni kama anaruhusiwa kupita. Reli ya kati ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni reli ya njia moja. Treni inayotoka Tabora na treni inayotoka Kigoma haziwezi kupishana katikati ya njia. Moja lazima ingoje stesheni mpaka nyingine ipite. Zikiingia zote mbili, zitagongana.

Semafori ya Dijkstra si mlingoti, bali ni namba inayotunzwa ndani ya kompyuta. Hufanya kazi hivi. Chukua mfano wa shule yenye majembe 3. Kwenye ubao imeandikwa namba 3. Kila anayechukua jembe hupunguza moja. Namba ikifika sifuri, anayekuja hapati jembe. Huketi kwenye benchi. Haulizi kila mara kama jembe limerudi, wala hamsumbui mtu. Huweza hata kulala. Jembe likirudishwa, mmoja wa walioketi huamshwa, akalichukua. Kama hakuna anayengoja, namba kwenye ubao huongezwa moja.

Kwa kifaa kisichoweza kutumiwa na wawili, kama lile daftari la chaki, namba ya kuanzia huwa 1. Anayeingia huifanya kuwa 0, na anayetoka huirudisha.

Dijkstra aliviita vitendo hivi viwili kwa herufi P na V. Herufi hizo zilitokana na maneno ya Kiholanzi yenye maana ya kujaribu kupunguza na kuongeza. Sharti lake kubwa ni hili: kusoma namba na kuibadilisha ni kitendo kimoja kisichogawanyika. Hakuna kengele inayoruhusiwa kuingia katikati. Bila sharti hilo, tungerudi kwenye kosa la wale viranja wawili.

Dijkstra aliyaeleza mawazo haya katika maandishi yake ya mwaka 1965. Katika mwaka huo huo, kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha.

6. Mkwamo

Dijkstra aliona hatari nyingine. Wewe na jirani yako mnataka kuchora duara na mstari. Kuna rula moja na bikari moja. Wewe umeshika rula na unangoja bikari. Jirani yako ameshika bikari na anangoja rula. Hakuna anayeachia. Mtaketi hivyo mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Hali hii huitwa mkwamo. Kila mmoja ametii zamu, lakini kazi imesimama.

Mwaka 1965 aliwapa wanafunzi wake mtihani wenye fumbo la namna hiyo, juu ya kompyuta tano zinazogombea vifaa vya kuwekea habari. Baadaye fumbo hilo lilisimuliwa kwa njia ya wenye hekima watano walioketi mezani. Kati ya kila wawili kuna uma mmoja, na kila mmoja anahitaji nyuma mbili ili ale. Wote wakichukua uma wa kushoto kwa pamoja, wote watashinda na njaa. Fumbo hilo hufundishwa hata leo katika vyuo vikuu vya nchi nyingi.

7. Nyumba ya tabaka

Mfumo wa Eindhoven uliitwa THE, kutokana na herufi za kwanza za jina la chuo. Dijkstra aliueleza katika makala ya mwaka 1968. Kompyuta yenyewe ilikuwa na kumbukumbu ya haraka ya maneno kama elfu 32 tu, na ngoma ya sumaku iliyozunguka, ya kuhifadhi maneno kama elfu 512. Ilikuwa na mashine chache za kusoma na kutoboa tepe za karatasi, na mashine ya kuchapa.

Dijkstra na wenzake waliujenga mfumo huo kama nyumba, tabaka juu ya tabaka:

Tabaka la 0 liligawa zamu za prosesa. Saa ilikatiza kazi mara kwa mara, ili programu moja isiihodhi prosesa.

Tabaka la 1 liligawa kumbukumbu, na kuhamisha habari kati ya kumbukumbu ya haraka na ngoma ya sumaku.

Tabaka la 2 lilisimamia mazungumzo kati ya programu na mtu anayeiendesha kompyuta.

Tabaka la 3 lilisimamia vifaa vya kuingizia na kutolea habari.

Tabaka la 4 lilikuwa la programu za watumiaji.

Juu ya hayo yote alikuwapo mwendeshaji mwenyewe.

Kila tabaka lilijaribiwa na kuthibitishwa kabla ya lile la juu yake kujengwa. Mjenzi mwema wa matofali hufanya vivyo hivyo: hapandishi ukuta kabla msingi haujakauka. Kwa sababu hiyo, makosa waliyoyakuta katika majaribio yalikuwa machache na mepesi.

8. Kiini cha kompyuta za leo

Mfumo wa THE hautumiki tena, lakini mafundisho yake yanaishi. Simu nyingi za leo zina kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, kijana wa nchi ya Finland. Ndani yake zimo semafori.

Prosesa za leo hufanya kazi katika hali mbili. Katika hali ya kwanza hufuata maagizo ya kiini, nayo huweza kugusa kila kifaa. Katika hali ya pili hufuata maagizo ya programu za kawaida, nayo haigusi kifaa chochote moja kwa moja. Programu ya kawaida ikijaribu kuvuka mpaka, prosesa yenyewe huizuia na kukiita kiini. Kwa njia hiyo mchezo uliomo katika simu ya mzazi wako hauwezi kuchungulia kumbukumbu ya programu ya fedha na kuisoma namba ya siri.

9. Miaka yake ya mwisho

Mwaka 1972 Dijkstra alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ni tuzo kubwa kabisa ya elimu ya kompyuta. Kazi iliyokataliwa na wakuu wa Amsterdam miaka 15 kabla ya hapo ilikuwa sasa inaheshimiwa duniani.

Mwaka 1984 alihamia Marekani, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin hadi alipostaafu mwaka 1999. Ingawa alizitumikia kompyuta, maandishi yake mengi aliyaandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino. Aliyapa namba na kuyapeleka kwa rafiki zake kwa posta, nao wakayanakili na kuwapelekea wengine. Maandishi hayo yalizidi 1,300. Alirudi Uholanzi na kufariki nyumbani kwake Nuenen tarehe 6 Agosti 2002, akiwa na umri wa miaka 72.

Mambo ya kukumbuka

1. Vifaa vya kompyuta ni vichache, na programu zinazovitaka ni nyingi.
2. Kiini ndicho kinachogawa prosesa, kumbukumbu na vifaa vingine.
3. Semafori ni namba inayolinda zamu. Kuisoma na kuibadilisha ni kitendo kimoja.
4. Mkwamo hutokea kila mmoja anaposhika alicho nacho na kungoja alichoshika mwenzake.

Jaribio

Wanafunzi watano waketi kwa duara. Weka kijiti kimoja kati ya kila wawili. Vyote viwe vitano. Mwanafunzi haandiki jina lake mpaka ashike vijiti viwili, cha kushoto na cha kulia. Akimaliza kuandika, avirudishe.

(a) Kwanza, wote wachukue kijiti cha kushoto kwa pamoja, na mtu asiachie. Nini kinatokea?

(b) Sasa andika namba 1 hadi 5 juu ya vijiti, kwa kufuata duara. Kila mwanafunzi aanze kuchukua kijiti chenye namba ndogo kati ya viwili vilivyo karibu naye. Je, mkwamo unatokea tena? Eleza sababu.

Maswali

1. Taja vifaa vitatu vya kompyuta vinavyogawanywa na kiini.
2. Kwa nini Dijkstra alisita kuikubali kengele ya kompyuta ya X1?
3. Katika mfano wa daftari la chaki, kosa lilitokea wapi?
4. Ubao una namba 2. Wanafunzi watatu wanachukua majembe mmoja baada ya mwingine. Nini kitampata wa tatu?
5. Taja mahali pawili katika kijiji chako ambapo kifaa kimoja hutumiwa na watu wengi. Zamu hulindwaje?